Rudi Shule! Kufanya Nini?

Tangu Januari nimeambiwa na watu saba nirudi shule. Nimewahesabu, maana nilishaanza kushuku kwamba walikutana mahali wakanipangia. Kuna mjomba wangu wa Wote, mchungaji wetu, jamaa wawili tuliomaliza nao chuo, mwenye nyumba ninayopanga hapa Mlolongo, na kijana anayetengeneza simu pale stejini. Wa saba hata si mtu. Ni programu ya AI ambayo niliiomba tu inipangie upya wasifu wa kazi. Wote wana wimbo mmoja: kazi za kompyuta zinaisha, akili unde inajiandikia programu, kampuni zinapunguza watu, basi kimbia ukachukue digrii ya pili kabla mlango haujafungwa.

Rudi shule. Sawa. Kufanya nini? Hapo ndipo wote saba hunyamaza (isipokuwa ile AI, ambayo hainyamazi kamwe).

Nina miaka 29, digrii ya sayansi ya kompyuta, na miaka sita ya kuandika programu za kampuni. Barua ya kukubaliwa kusoma uzamili ninayo. Ni darasa la wikendi, Jumamosi kutwa na Jumapili mchana, karo inalipwa kwa muhula. Barua imekaa kwenye droo wiki tano sasa na kila nikiitoa nasoma ukurasa wa mtaala kisha nairudisha kwa hasira. Leo nimeamua hasira hiyo niiandike.

Kwa msomaji wa mbali: Mlolongo iko kwenye barabara ya Mombasa, kaunti ya Machakos, ubavuni mwa Nairobi. Jina lenyewe lilitokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa kwenye mizani. (Wazee wakilisikia neno hilo hukumbuka pia uchaguzi wa 1988, ule wa kupiga foleni nyuma ya mgombea, lakini hayo tuyaache.) Mtoto aliyekulia karibu na mizani hujua mapema kwamba mpimaji hasomi maandishi ya turubai. Unaweza kuandika "Mungu Ni Mwema" kwa herufi za dhahabu, yeye anaangalia uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 inataka lori lisizidi tani 56, na hata ukiwa chini ya hapo, ekseli moja ikizidiwa bado una kesi. Sasa digrii ya pili, kwa jinsi tunavyoichukua siku hizi, ni maandishi ya turubai. Hakuna anayeuliza umebeba nini.

Nianze na wanaouza hofu. Sibishi kwamba mambo yamebadilika. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 nilicheka, na 2023 nikaacha kucheka. Leo sehemu kubwa ya zile kazi tulizokuwa tukiwapa wanaoanza, fomu, ripoti, kuunganisha mfumo huu na ule, mashine inazifanya kabla chai haijapoa. Kampuni nazo zimefungwa tukiona. Sendy ilifunga 2023, Copia ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024, na waliopoteza kazi ni watu ninaosalimiana nao.

Lakini tazameni dawa wanayopewa. Mtaala niliotumiwa una hifadhidata, uhandisi wa programu, usimamizi wa miradi, usalama wa mitandao, kisha mbinu za utafiti. Ukiacha hiyo ya mwisho, yote niliyasoma mwaka wa tatu, na tangu hapo nimeyafanya kila siku kwa mshahara. Ikiwa mashine inaniogopesha kwa sababu inajua mambo ya mwaka wa tatu kuliko mimi, kuyarudia mambo hayo hayo Jumamosi kwa miaka miwili kutaniponya vipi? Mtu aliyeachishwa kazi anahitaji kazi, akiba, na namba za simu za watu watakaopokea. Kumwambia atoe mamia ya maelfu ya shilingi ili apate mahali pa kukaa wikendi ni kumuuzia mwavuli mtu aliyepotea njia.

Mnaweza kuniambia kwamba cheti kinasaidia kupanda cheo. Ni kweli, kwa wengine. Kwenye utumishi wa umma ngazi za juu za watu wa kompyuta zinadai uzamili, na ukiwa huko, chukua, sina ugomvi nawe. Hiyo ni hesabu ya mshahara na ni halali yako. Ila tusiiite elimu. Na tuone pia nchi inavyoharibika vyeti vikiwa ndivyo vinavyopimwa. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa taasisi za serikali umefichua vyeti bandia zaidi ya 2,000. Watu hawaghushi kitu kisichokuwa na soko. Huko vyuoni mambo ni yale yale kwa nguo nyingine: 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitangaza kwamba kufikia 2018 wahadhiri wawe na uzamifu. 2018 ilikuja ikapita, wengi bado hawana, na wengine walikimbizana na tarehe badala ya kukimbizana na swali. Halafu kuna lile sharti la mwanafunzi wa uzamili kuchapisha makala kwenye jarida. Wazo zuri kabisa. Matokeo yake ni kwamba yamezuka majarida yanayokubali chochote ndani ya siku tatu, mradi ada imelipwa.

Na kuna jambo ambalo sisi vijana wa Kenya hatulisemi kwa sauti. Wangapi kati yetu walilipia vyumba kwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo? Filamu ya 2024, The Shadow Scholars, ilimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akichunguza biashara hiyo hapa kwetu, na waliotikiswa na habari hizo ni watu wa ng'ambo. Sisi tulikuwa tunaijua. Rafiki yangu mmoja, mwenye digrii moja tu kama mimi, ameandika tasnifu za uzamili ambazo hazikumbuki idadi. Ameandika za uuguzi, za biashara, moja ya elimu ya chekechea. Nilipomuuliza kama atarudi shule alinitazama kama nimemtukana. "Nirudi wapi? Mimi ndiye shule." Tulicheka, lakini njiani kwenda nyumbani sikucheka tena. Mtu mwenye uwezo ule wa kusoma jambo geni kwa usiku mmoja na kulieleza vizuri alipaswa kuwa na swali lake mwenyewe na mtu wa kumlipa alifuate. Badala yake ametajirisha majina ya watu ambao hatawahi kuwaona.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna watu hapa wameshaanza kupiga makofi. Nyinyi mnaosema digrii ni karatasi, kwamba Bill Gates hakumaliza, kwamba kila kitu kiko YouTube. Nimewahi kuwa mmoja wenu. Mwaka 2019 ndio ulionitoa kwenye dini hiyo. Andela ilikuwa imeanza Lagos 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, na wengi tuliamini kwamba hapo ndipo chuo kikuu kimepata mrithi: unafundishwa ukilipwa, unafanyia kazi kampuni za nje, cheti cha nini? Septemba 2019 ikaachana na takriban wanagenzi 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya kwa sababu soko lilitaka wenye uzoefu. Silaumu biashara kwa kuwa biashara. Ninachosema ni kwamba shule inayofuata soko itakufundisha kile soko linataka mwaka huu, na mwaka ujao soko litakuwa limehama.

Hata mfano wenu mnaoupenda, M-Pesa, mnausimulia nusu. Mnasema ni watu wa kampuni waliokaa wakavumbua. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakilipwa na serikali ya Uingereza, kupitia DFID, waliona kwamba watu wa Uganda, Botswana na Ghana walikuwa wakitumiana salio la simu kama pesa. Mtu alikaa chini, akauliza watu, akaandika. DFID hiyo hiyo ilichangia fedha za majaribio ya M-Pesa ya 2005, na huduma ikazinduliwa Machi 2007. Mwenye swali alitangulia mwenye programu. Na Google, mnayoitumia kutafuta hizo nukuu za Gates, ilitoka kwenye kazi ya wanafunzi wawili wa uzamifu pale Stanford.

Lakini mimi sikubadilishwa na Stanford. Nilibadilishwa na SMS.

Kampuni niliyoajiriwa hutuma jumbe kwa wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui: mvua, bei, dawa za wadudu. Jumbe nyingi ni za Kikamba. Sasa Kikamba kina irabu saba, kwa hiyo kinaandikwa na herufi mbili ambazo Kiswahili hakina, ĩ na ũ, zile zenye kiwimbi kichwani. Na SMS ya kawaida ina alfabeti yake ndogo iliyopangwa Ulaya enzi za kuanzisha GSM. Alfabeti hiyo ina ñ ya Kihispania, ina ø ya Kidenmaki, ina hata Δ na Ω za Kigiriki. ĩ na ũ hazimo. Ukiweka ũ moja tu ndani ya ujumbe, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye alfabeti kubwa, na badala ya kubeba herufi 160 sasa unabeba 70, au 67 ukiwa wa vipande. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unageuka SMS tatu. Zidisha kwa wakulima elfu kadhaa, kila wiki.

Bosi aliniambia nitoe viwimbi. Nikaandika mstari mmoja wa programu unaogeuza kila ĩ kuwa i na kila ũ kuwa u. Ulichukua dakika nne. Nilipongezwa kwenye mkutano kwa kuokoa pesa.

Kwa asiyejua Kikamba, mfano wa Kiswahili ni huu. Fikiria mtu ameamua kwamba e na o ni ghali, kwa hiyo kila e aiandike i na kila o aiandike u. Unaambiwa "nunua mbuga". Ununue Amboseli? Alimaanisha mboga. Unaambiwa "chuma mahindi" na hujui kama uyatoe shambani au uyaweke motoni. Kwenye sentensi fupi msomaji anakisia. Kwenye maelekezo ya dawa ya wadudu sitaki mkulima akisie. Na nilijua hivyo, kwa sababu nyumbani kwetu ndiyo lugha. Mama yangu, ambaye ana kibanda cha chai karibu na barabara, alipokea ujumbe mmoja wetu akaniuliza nani huyu mgeni anayewaandikia. Sikumwambia ni mimi.

Mwaka jana wakulima wakaruhusiwa kujibu. Wao pia huandika bila viwimbi, maana simu ya vifungo haina, na katikati ya Kikamba wanatia Kiswahili, kama tunavyoongea sote. Mfumo ukawa unayasoma vibaya majibu: swali la mbegu linapelekwa kwa mtu wa malipo. Nikapewa kazi ya kurekebisha. Niliuliza AI. Ikanipa jibu refu, la adabu, lenye maneno ya Kikamba ambayo mama aliyasoma akasema hayapo. Nikaamini nimegundua tatizo jipya duniani.

Sikuwa nimegundua kitu. Mwaka 2006, mimi nikiwa shule ya msingi, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Pauline Githinji, walichapisha utafiti wa kurudisha viwimbi hivyo hivyo kwenye Kikuyu. Mbinu yao ni nzuri kwa jinsi ilivyo ya unyenyekevu. Hawakutumia kamusi, maana lugha nyingi hazina kamusi iliyo kwenye kompyuta. Kila mashine ikikutana na i au u, inaangalia herufi chache za kushoto na chache za kulia, kisha inatafuta kwenye kumbukumbu ya mifano sahihi mahali panapofanana zaidi na hapo, na kuiga. Basi. Mwaka uliofuata De Pauw, Wagacha na Gilles-Maurice de Schryver waliipeleka mbinu hiyo kwenye lugha nyingine kadhaa, na moja ya hizo ni Kikamba. Kikamba! Mwaka 2011 Benson Kituku, na Wagacha na De Pauw tena, wakaandika juu ya mashine kutambua majina ya watu na mahali katika Kikamba.

Niliketi nikasoma hizo kurasa hadi usiku wa manane. Hasira iliyonishika si ya kawaida, na haikuwa kwa wao. Ilikuwa kwa sisi. Kutoka mezani pangu hadi Chiromo, ambako idara yao ilikuwa, si safari ya siku. Wao walikuwa na jibu, sisi tulikuwa na wakulima na pesa za SMS, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyevuka barabara. Kampuni zetu hazisomi. Vyuo vyetu vinaandika, vinapewa alama ya kupandishwa cheo, vinafunga faili. Mimi mwenyewe nilipita miaka minne ya chuo bila mtu kuniambia kwamba lugha ya mama yangu imewahi kuwa somo la kompyuta.

Na pale jibu lao linapoishia ndipo swali langu linapoanzia. Walifanya kazi na maandishi safi ya lugha moja moja. Jumbe zangu zimechanganya Kikamba na Kiswahili, wakati mwingine ndani ya neno moja, zimeandikwa na mtu mwenye haraka, mkono mmoja umeshika jembe. Mashine ikiona "mundu" inapaswa kuweka viwimbi viwili, kwa sababu ni mtu wa Kikamba. Ikiona "mundu" kwenye sentensi ya Kiswahili iache kama ilivyo, maana hicho ni kifaa cha kuvunia. Itajuaje iko lugha gani, wakati mwandishi mwenyewe hajali? Sijui. Nimejaribu jioni tatu nikapata kitu kinachofanya vizuri hadi mtu aandike kuhusu mavuno, kisha kinaanguka.

Hilo ndilo swali. Lilinijia kutoka kazini, kazini hapana nafasi ya kulijibu, na ndiyo sababu pekee ninayoiona inatosha kumtoa mtu kwenye mshahara.

Najua kuna atakayesema: lifanye nyumbani, utafiti hauhitaji chuo. Ana hoja nzito. Masakhane ilizaliwa 2019, mwaka ule ule mkutano wa Deep Learning Indaba ulipofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na watu wake walionyesha kwamba wasemaji wa lugha zetu, wengine bila mafunzo yoyote rasmi ya fani hiyo, wanaweza kukusanya data, kupima tafsiri na kuandika makala pamoja kupitia mtandao. Nawaheshimu sana. Lakini tuseme ukweli kuhusu jioni. Natoka kazini saa kumi na moja, nafika Mlolongo saa moja na nusu nikiwa na bahati. Ile barabara ya juu ya kilomita 27 hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ipo, na naiona vizuri sana nikiwa chini yake kwenye matatu. Saa mbili nakula. Akili iliyobaki baada ya hapo inatosha kutafuta kosa la nukta, haitoshi kulea wazo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuifanyia kazi lugha ya Kiswahili kwenye kompyuta miaka ya 1980 na akaendelea kwa miongo. Hakutuzidi mapenzi ya Kiswahili. Alikuwa na ofisi, mshahara, na ruhusa ya kushughulika na jambo moja mpaka liive.

Ruhusa hiyo ndiyo ninayoitafuta, na ndiyo ambayo darasa la wikendi halina. Darasa la wikendi linachukua muda kidogo niliobaki nao na kunirudishia mitihani. Niliwaandikia kuuliza nani atanisimamia. Nikajibiwa kwamba msimamizi hupangwa baada ya masomo ya mwaka wa kwanza kuisha na karo yake kulipwa. Yaani nilipe nauli ndipo niambiwe gari linaenda wapi. Nina jamaa wawili walioingia hivyo. Mmoja alimaliza masomo akakwama kwenye tasnifu mwaka wa nne sasa, msimamizi akistaafu katikati. Mwingine aliandika juu ya mada ambayo msimamizi aliipenda, akafaulu, na ukimwuliza leo tasnifu yake ilihusu nini anabadilisha mazungumzo.

Vyuo vitasema havina pesa, na hapo siwezi kuvibishia. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilisema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kuzipata. Kwa hiyo mwanafunzi amekuwa ndiye hazina. Anayeweza kushindana atafute pengine: kampasi ya Carnegie Mellon iliyoko Kigali, ambayo 2022 Mastercard Foundation iliitangazia zaidi ya dola milioni 275, au ile programu ya AIMS ya uzamili wa akili za mashine iliyoanza Kigali 2018. Huko watu husoma mchana, wakiwa macho, bila kuuza kiwanja cha baba. Nimeweka maombi sehemu moja. Lakini nakiri inaniuma kwamba nikitaka kusoma jumbe za wakulima wa Mwala njia iliyo wazi zaidi inapitia Rwanda.

Basi hesabu yangu hii hapa, mnikosoe. Deni la HELB nilimaliza. Mdogo wangu yuko sekondari na karo yake naibeba mimi. Karo ya uzamili si mzigo mkubwa kuliko yote, kinachouma ni miezi 24 bila mshahara, huku fani yenyewe ikibadilika hivi kwamba nikitoka huenda cheo changu hakipo tena. Naweza kupoteza. Nimelitazama hilo usiku na mchana na sitajifanya jasiri. Kwa hiyo nimejiwekea masharti, na ni machache: bila msimamizi anayejulikana kwa jina kabla sijatoa shilingi, siendi. Bila pesa ya kumfikisha mdogo wangu kidato cha nne, siendi. Na swali likijibiwa na mtu mwingine kabla ya Septemba, nitampigia makofi na nitabaki kazini.

Darasa la wikendi nimelikataa. Barua ya kukataa nimeituma Jumatatu. Mjomba hajapiga simu tangu asikie.

Bosi nilimwendea na ombi jingine: anipe Ijumaa moja kwa wiki, hata akinikata mshahara, nifanyie kazi jambo hili na matokeo kampuni iyatumie. Nilimwonyesha ile makala ya 2006. Aliigeuza, akaangalia tarehe, akauliza mbona ni ya zamani hivyo. Nikamwambia ndiyo maana nimeileta. Amesema atafikiria.

Wakati akifikiria, nahitaji mifano sahihi ya kuipa mashine kumbukumbu. Google walitoa seti ya FLEURS 2022, lugha 102, na Kikamba kimo, lakini ni sentensi zilizotafsiriwa kutoka mambo ya ensaiklopidia. Hakuna anayeuliza bei ya pojo mle. Nikamnunulia mama daftari kubwa nikamwomba aandike sentensi 200 za kawaida, kama watu wanavyoongea pale kibandani, na viwimbi vyote mahali pake. Yeye viwimbi havimsumbui, amesoma Biblia ya Kikamba maisha yake yote. Anaandika wakati chai inachemka. Madereva wa malori wakiwa wanangoja huwa wanamsomea alichoandika na kumbishia, ukurasa mmoja una doa la mandazi. Juzi alikuwa amefika sentensi ya 140, na ameanza kuniuliza kazi hii inalipa kiasi gani.